Pongezi kwa Watunza Nyaraka wa Zanzibar

Anayetafuta ukoo wake Unguja au Pemba hufika mahali ambapo kumbukumbu za wazee zimekwisha. Hapo ndipo anapowahitaji watumishi wa Nyaraka za Taifa, pale Kilimani mjini Zanzibar, na pongezi hizi ni zao.

Kati ya wanavyovitunza, faili la mirathi ni hazina. Humo utakuta jina la marehemu, warithi, madeni na mali: mikarafuu, nyumba, kanga, bangili za fedha. Mafungu ya warithi nayo yanasema. Katika sheria ya Kiislamu, mjane akipewa thumni, ujue marehemu aliacha watoto. Akipewa robo, hakuacha. Wasia hauvuki theluthi ya mali wala haumwendei mrithi, hivyo humo hujitokeza yatima aliyelelewa au mtumwa aliyeachwa huru. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi walioachwa huru hawakuwa na nasaba iliyoandikwa popote. Karatasi kama hizi ndizo zinazowapa wajukuu wao pa kuanzia.

Karatasi hizo zinatishiwa na unyevu na wadudu, na nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Serikali iwape watunzaji vifaa, na vijana wafundishwe kuzisoma. Watunzaji, mmetutunzia jamaa zetu.