Maji ya Yakani na Jina la Baba

Katika riwaya tumezoea kukutana na kijana anayeachiwa nyumba, jina na uganga wa wazee wake, kisha akagundua kuwa nyumba hiyo ina damu. Safari hii tunamtazama mrithi wa aina hiyo aliye nje ya riwaya. Jaffar Amin, mwana wa Idi Amin, alitoa mwaka 2010, pamoja na Margaret Akulia, kitabu cha Kiingereza kiitwacho Idi Amin: Hero or Villain? Anwani yenyewe inauliza iwapo baba alikuwa shujaa au mwovu.

Sehemu iliyotuvuta zaidi ni ile ya Koboko. Inasimuliwa kwamba Amin alipokuwa mtoto mchanga palizuka shaka juu ya baba yake halisi, akaachwa kwenye miteremko ya mlima Liru ili ijulikane kama kweli ni damu ya ukoo. Nyoka wa jadi akamlinda, akarudishwa hai. Mama yake, Aisha Aate, anahusishwa na Yakani. Kwa upande wa fani, hapa kitabu kinapata uhai: ni kuzaliwa kwa shujaa kama tunavyokujua katika tendi. (Liyongo naye hakudhurika ila kwa shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Jaffar si mwana wa namna hiyo.)

Yakani si hekaya tupu. Maji hayo yaliletwa kwa Walugbara na Rembe, nabii wa Kikakwa, na walioyanywa waliamini kuwa risasi hazingewadhuru. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Mwaka 1919 wafuasi wa maji hayo wakapambana na askari wa serikali ya kikoloni. Msomaji atakumbuka mara moja maji ya Kinjikitile kule Ngarambe, 1905. Lakini yale yalikuwa maji ya wanyonge. Katika kitabu hiki yanamfuata mtu hadi Ikulu, na hapo ndipo tunapotofautiana na mwandishi. Mtu aliyekwisha kuteuliwa na nyoka hana tena uamuzi wa kuulizwa. Makadirio ya waliouawa kati ya 1971 na 1979 hutajwa kuwa 80,000 hadi 300,000. Muujiza wa Liru, hata kama haukukusudiwa hivyo, unawekwa mbele yao kama pazia. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), hakuruhusu hilo. Mhusika wake anabanwa na neno lake mwenyewe mpaka gerezani, na maji hayambebei lawama.

Hata hivyo hatumwoni Jaffar kuwa wakili wa baba tu. Mwaka 2009 alikwenda Butiama, akapokewa na Madaraka Nyerere, na safari hiyo haikuwa nyepesi kwa mwenye jina hilo.

Kuna warithi wengine ambao hawakuulizwa kabisa. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali iliyofuata waliingia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, wakawaua raia waliokimbilia humo. Wengi wa West Nile walikwisha kukimbilia Sudan na Zaire. Hao hawakuachiwa nyoka wala Ikulu; waliachiwa jina tu, kwamba ni watu wa Amin. Tungependa simulizi ya urithi ianzie kwao, na mlima Liru uje baadaye.

Sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tumo pia. Amin ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliyekisema nyumbani aliulizwa kama anataka kuwa askari au mwizi. Huenda ndiyo sababu tulikisoma kitabu hiki kwa ukali. Tunapendekeza kisomwe darasani sambamba na Kinjeketile, na sura ya Koboko itafsiriwe na wanafunzi wa Arua wenyewe, ambao wazee wao wanaijua Yakani kwa majina ya watu na ya vijiji.