Daftari la Pili

Kila harusi ya Kitanzania ina daftari lake. Hukaa kwa mhazini wa kamati, na ndani yake majina yamepangwa kama mahudhurio ya darasa: nani ameahidi, nani amemaliza, nani amepunguza, nani siku hizi hapokei simu. Ukumbi, keki, pilau na MC vyote hutoka humo. Nimekaa kwenye kamati nyingi nikiamini kwamba harusi nzima imo kwenye daftari hilo, mpaka nilipopelekwa Kwai nikakutana na fundi wa picha aliyekuwa na daftari la pili.

Binamu yangu alikuwa anaoa huko, juu ya Lushoto, ukishapita Magamba. Kamati ilikuwa Dar es Salaam, vikao kila Jumapili jioni, na kama kawaida ikagawanywa: chakula, vinywaji, usafiri, mapambo, picha na video. Mimi nikaangukiwa na picha na video, nafasi anayopewa mtu asiye na gari wala sauti. Nikajua kazi yangu ni moja, kushusha bei. Nikampata mpiga picha wa Tanga mjini, mtu mzima, aliyeanza enzi za mkanda: picha 36, ukikosea umekosea. Nikamtajia bajeti, nikasubiri ubishi. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Viazi vitamenywa lini?"

Sikumwelewa. "Ijumaa usiku, nadhani."

"Basi mimi nitapanda Alhamisi, nishuke Jumatatu. Hela ni hiyohiyo. Nitafutieni pa kulala na blanketi mbili."

Mwenyekiti aliposikia alicheka. Fundi, alisema, anatafuta likizo ya baridi kwa gharama za kamati.

Ukitoka Mombo barabara huanza kujikunja mara moja. Unaacha joto na mkonge chini, unapita maporomoko ya Soni, na ukifika Lushoto mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, umeshavaa sweta. Wajerumani waliupenda ubaridi huu hata wakauita mji Wilhelmstal, na pale Kwai, mwishoni mwa karne ya 19, serikali yao ikaanzisha shamba la kujaribia mazao na mifugo ya Ulaya. Serikali ile iliondoka na jina lake. Mboga za baridi zimebaki, na leo kabichi, karoti na viazi vya Lushoto hushuka kwa malori mpaka masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Ndiyo maana mchango wa mlimani hauingii kwa simu. Unaingia kichwani na mgongoni: mzigo wa kuni, debe la maharage, gunia la viazi, sufuria ya kuazima, siku mbili za mikono. Mhazini wetu, kijana makini wa benki, alikuwa na safu ya ahadi, safu ya taslimu na safu ya baki. Hakuwa na safu ya kuni.

Alhamisi ile fundi hakuitoa kamera kwenye begi. Alizunguka kanisa mara tatu, mikono mfukoni, kama mtu anayetaka kulinunua. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akahesabu hatua hadi ukutani. Mwezi ulikuwa Juni, na Juni jua letu huwa upande wa kaskazini, hata adhuhuri limeinama kidogo. Hilo, akaniambia, ni zawadi. Mwanzoni mwa Machi au mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita utosini kabisa katika latitudo hii, na kila uso hupata mashimo mawili meusi mahali pa macho. Kwa Juni ukuta wa kusini wa kanisa ungekuwa na kivuli laini mchana kutwa. Hapo ndipo angezipanga familia.

Kamati ilikuwa imeamua tofauti. Kwenye ratiba iliyochapwa tulikuwa na msafara wa Irente saa nane, maharusi wasimame pale kwenye mwamba, nyuma yao bonde la Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Fundi hakuipinga. Alimtafuta shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa anaanika maharage uani, akamwamkia, akakaa kwenye kigoda.

"Shangazi, jua la hapa mwezi huu likoje?"

"Mwanangu, mwezi wa sita jua hapa ni mgeni. Linakuja limechelewa na linaondoka halijaaga."

Fundi akatikisa kichwa kama aliyesomewa hati. Kwenye kitabu jua la Juni huku huzama saa kumi na mbili na nusu hivi. Ila kitabu hakijui kwamba mgongo wa mlima umelitangulia, na kwamba bondeni kivuli huingia mapema kuliko machweo yenyewe. Akaniomba jambo moja tu kwa ratiba yote: picha za familia ziwe kabla ya chakula, palepale kanisani, na Irente iwe ya bahati. Nikalipeleka kwa mwenyekiti kama wazo langu. Likapita.

Ijumaa usiku nikaijua sababu ya swali la viazi. Jikoni kulikuwa ni banda la mabati nyuma ya nyumba, mafiga makubwa, masufuria yanayotoa mvuke, na wanawake wamezunguka beseni, khanga zimekazwa, vitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Nje pumzi zilikuwa zinaonekana. Fundi aliingia na begi limefungwa, akaliweka kwenye kona, akaomba kisu.

Nikamnong'oneza kwamba tunamlipa kupiga picha. Akanieleza huku anamenya. Lenzi iliyotoka kwenye baridi ya namna ile ikiingizwa kwenye mvuke hutoka jasho. Kioo huwa cheupe, ukikifuta kinarudia. Dawa ni kuiacha ndani ya begi ipate joto polepole, nusu saa au zaidi. "Na watu nao hivyohivyo," akasema. "Ukiingia na kamera mkononi, wanatoka jasho."

Nimeifikiria sana ile nusu saa. Ufundi wake na adabu yake vilikuwa kitu kimoja, wala sikuona vinapoungana. Kufikia wakati kioo kimekauka, wale wanawake walikuwa wameshamuuliza ana watoto wangapi, wamemcheka anavyokata maganda manene, wamemwonyesha namna ya kushika kisu. Alipoitoa kamera hakuna aliyejiweka sawa. Mmoja alisema tu, "Sogea, unakinga taa," akasogea. Kisha akanipa daftari la shule, lile la kurasa 64, na kalamu. Kila picha atakayopiga jikoni na uani, niandike namba yake na majina ya waliomo, kamili, niwaulize wenyewe.

"Majina ya nini, fundi? Si wanajuana?"

"Picha bila jina ni kadi ya posta."

Baadaye ndipo nikajua alichomaanisha. Picha nyingi za mwanzo za milima hii zilipigwa enzi za Wajerumani kwa ajili ya kupelekwa Ulaya, na mwenyeji alipotokea humo mara nyingi aliandikwa kabila lake, basi, kama mti unavyoandikwa aina yake. Pwani watu walijikomboa kwa studio. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh akawa na yake Mombasa miaka ya 1940, na mtu aliingia humo amevaa nguo aliyoitaka, akasimama alivyotaka, akatoka na uso wake kwenye bahasha. Ile ilikuwa heshima, ila ilimtaka mtu aifuate studio. Mwanamke wa Kwai mwenye beseni la viazi angeifuata lini? Mpiga picha wa harusi ya kijijini ndiye studio iliyopanda mlima, na mzigo wa heshima ile uko begani kwake, ajue asijue.

Jumamosi mlima ukaichana ratiba yetu. Ukungu uliteremka kutoka Magamba tukiwa ndani ya ibada, na tulipofungua mlango hapakuwa na bonde, hapakuwa na barabara, hapakuwa na gari la mapambo. Irente ikafa pale pale. Mwenyekiti akashika kichwa. Matarumbeta yalikuwa nje mahali fulani, ala ambazo Walutheri wa Usambara wamezirithi kwa wamisionari wa Kijerumani, na yakaanza kupiga huku mpigaji hata mmoja haonekani. Muziki ulikuwa unatoka kwenye weupe mtupu. Fundi alisimama ngazini, amefumba macho, anasikiliza unakotoka. Akamsogeza bibi harusi hatua mbili kushoto, akasubiri. Shaba ya kwanza ilipojitokeza kwenye ukungu, kisha ya pili, kisha mashavu yaliyojaa ya mzee wa besi, bibi harusi alicheka mwenyewe bila kuambiwa, na kamera ikalia mara nne tu.

Picha ile ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kamera ikiachiwa iamue, hudhani kila kilicho mbele yake kina kijivu cha wastani, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye ukungu na shela, inaona weupe umezidi, inabana mwanga. Ukungu unageuka moshi wa kuni, na uso wa msichana mweusi unazama kabisa. Fundi aliupima uso. Akaongeza mwanga hadi ngozi ikae sawa, na weupe akauacha ujitegemee, upotee kidogo pembeni ukitaka.

Kosa hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Yeye akitoka vizuri, mtambo uko sawa. Waliobaki tulitoka meno na macho. Mafundi wa zama zile walijifunza kwa hasara yao wenyewe kuongeza mwanga, kutafuta ukuta mweupe, kumgeuza mtu nusu dirishani, ili mteja ajione. Ujuzi huo haukuandikwa popote nilipowahi kusoma. Uko kwenye vidole vya watu kama huyu, na kamera za kisasa, kwa werevu wao wote, bado hazijauondolea kazi.

Familia tulizipanga ukutani kama alivyopanga Alhamisi. Kivuli alichokihesabia hakikuhitajika, maana ukungu ulikuwa umetanda kila mahali kama shuka moja. Nikamwambia amepima bure. "Nilipima watu," akasema. Kweli, alijua bibi mzaa mama hapandi ngazi, alijua baba wawili wasiosalimiana, akawaweka safu moja na watoto wanne katikati yao.

Nikadhani kazi imekwisha. Wapiga picha ninaowajua hufunga mabegi keki ikishaliwa. Jumapili mchana, baada ya ibada, maharusi wameshapumzika na wageni wa Dar es Salaam wanatafuta usafiri, fundi alikuwa uani. Masufuria yalikuwa yameoshwa na kufunikwa juani. Kila moja lilikuwa na alama ya mwenyewe karibu na mpini: herufi mbili kwa rangi ya mlango, msalaba wa msumari, doa la rangi ya kucha. Wenyewe walikuja mmoja mmoja, wakainamisha, wakatafuta alama, wakaondoka na chao kichwani. Kila mmoja alipigwa picha akiwa na sufuria yake. Nami nikaandika: namba, jina, na bila kuambiwa nikaongeza alichotoa. Kuni mizigo mitatu. Sufuria kubwa mbili. Maji, tangu saa kumi alfajiri. Safu aliyokosa mhazini.

Agosti nilipanda tena, nimebeba bahasha. Maharusi walishapata zao kwenye simu na kwenye albamu. Hizi zilikuwa za karatasi, moja kwa kila jina la daftarini, na nyuma ya kila picha fundi alikuwa ameandika majina kwa mkono wake, kama nilivyoyaorodhesha. Kamati ilikuwa imeshavunjwa, hesabu zimefungwa, na gharama ya kuzisafisha hakuidai kwa mtu.

Shangazi nilimkuta kwenye kigoda chake. Nikampa ya jikoni: beseni katikati, mvuke umewekwa taa kwa nyuma, nyuso zimeinamia visu, na ngozi ya kila mmoja ina rangi yake mwenyewe, hakuna aliyezama. Aliitazama muda mrefu. Akagusa nyuso kwa kidole, moja moja. Akaigeuza, akasoma majina taratibu, akairudisha upande wa mbele.

"Tulikuwa saba," akasema.

Nikahesabu. Walikuwa sita. Nikahesabu tena, nikaanza kujitetea kwamba niliandika kila mtu niliyemwona, kisha nikakikumbuka kisu na maganda manene.

"Wa saba ndiye aliyepiga, shangazi."

Akanyamaza kidogo. Akaigeuza picha tena, akaiweka juu ya goti, akaninyooshea mkono. Alikuwa anaomba kalamu.