Bandu Bandu Haitoshi: Uhakiki wa Ushauri Tuwapao Wanafunzi wa Ala za Muziki

Miongoni mwa methali tunazozitumia madarasani, ni chache zilizotumikishwa kama hii: Bandu bandu huisha gogo. Mwanafunzi akilalamika kuwa ngeli ni nyingi, tunamwambia bandu bandu. Akikata tamaa ya kuandika insha, tunamwambia bandu bandu. Na akishika gitaa, udi, zeze au marimba, kisha baada ya wiki tatu akaiacha ala yake imeegemea ukutani, tunamrudia na methali ile ile, tukimwongezea na ratiba: nusu saa kila siku, bila kukosa. Makala haya yana nia ya kuuhakiki ushauri huo. Sisemi kwamba ni wa uongo. Nasema kwamba ni nusu ya ushauri, na kwamba nusu iliyosahauliwa ndiyo inayowaangusha wanafunzi wetu wengi.

Naomba nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Uganda, na kwa kuwa nilipenda muziki nilikabidhiwa pia ulezi wa chama cha utamaduni. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuja kuniazima gitaa la shule. Nilimwonyesha namna ya kuweka vidole, nikampa karatasi yenye mazoezi ya vidole vinne, nikamwandikia ratiba, na nikamuaga kwa methali yetu. Wiki ya kwanza nilimsikia kila jioni nyuma ya bweni. Wiki ya pili nilimsikia mara mbili. Wiki ya tatu alilirudisha gitaa. Nilipomuuliza sababu alisimama kimya kwa muda, kisha akasema kwa adabu: "Mwalimu, ninabandua, lakini gogo silioni."

Sikuwa na jibu. Nilimhesabu miongoni mwa wavivu, kama wengi wetu tufanyavyo, nikalifungia gitaa stoo. Hata hivyo jambo moja lilinisumbua. Jioni zile zile, chini ya mwembe ulio mbele ya bwalo, wanafunzi watatu walikuwa wakipiga marimba ya Kiganda, yaani amadinda, bila ratiba, bila karatasi na bila kuhimizwa na mtu. Kazi yangu kwao ilikuwa moja tu, nayo ni kuwafukuza waende kusoma. Je, hawa walikuwa na bidii ya kuzaliwa nayo na yule mwingine hakuwa nayo? Sikuridhika na jibu hilo wakati ule, na sasa naliona kuwa ni kosa kabisa.

Kwa ajili ya wasomaji walio nje ya Uganda, yafaa kueleza jinsi ala hii inavyopigwa, maana hoja yangu yote imo humo. Amadinda ina mbao 12, ambazo aghalabu huchongwa kwa mti uitwao lusambya, zikalazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu, nao huketi pande mbili za ala wakitazamana. Wa kwanza, aitwaye omunazi, huanzisha: hupiga mfululizo wa sauti kwa mapigo yaliyo sawa, kila sauti kwa mikono miwili katika mbao mbili zenye sauti moja, moja nene na nyingine nyembamba. Mfululizo huo huweza kuwa wa mapigo 12 au 18, na katika nyimbo nyingine ukawa mrefu zaidi, kisha hurudiwa tangu mwanzo. Wa pili, omwawuzi, jina lake latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kugawa au kutenganisha. Yeye huingiza mfululizo wake katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, kama meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile ndogo za mwisho. Kazi yake ni kusikiliza sauti mbili nene kabisa zinazojitokeza katika mchanganyiko wa wale wawili, na kuzirudia huko juu.

Matokeo yake ni ya ajabu. Mwendo wa muziki huu ukiwa wa kasi, sikio haliwezi tena kutenganisha mapigo ya mmoja na ya mwingine. Badala yake husikia nyimbo mpya ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga peke yake. Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa ikulu ya Kabaka, kuanzia mwaka 1959, aliuandikia muundo huu makala yaliyochapishwa mwaka 1960, na jambo hilo la nyimbo zisizopigwa na mtu likawa mojawapo ya mambo yaliyomfanya ajulikane katika elimu ya muziki wa Afrika. Kwa Waganda wenyewe halikuwa habari mpya, kwa kuwa mbao mbili za omukoonezi ziliwekwa makusudi ili mtu azichume nyimbo hizo.

Sasa tumrudie kijana wa gitaa na tulinganishe. Anayeanza kujifunza sehemu ya omunazi anaweza kupewa mfululizo mfupi na kuushika katika jioni chache. Peke yake mfululizo huo ni mkavu na hauna utamu. Lakini mwenzake anapoingia kati, yule anayeanza yumo ndani ya wimbo kamili, wimbo ambao bibi yake anaujua na kwa huo watu watasimama kusikiliza. Sehemu yake ni ndogo, ila si mazoezi ya kujiandaa kwa muziki utakaokuja baada ya mwaka. Ni muziki wenyewe. Kijana wangu, kwa upande wake, alipewa vidole vinne vipande na kushuka juu ya nyuzi, jambo ambalo hakuna bibi duniani aliyewahi kuliimba. Alibandua kweli. Gogo hakulionyeshwa.

Hapa ndipo methali yetu inapopungua. Bandu bandu hueleza wingi wa kazi na uvumilivu wa mfanyakazi, lakini huchukulia kwamba anayebandua analiona gogo, anajua litakuwa mtumbwi au mwiko, na analitaka. Mkata gogo halazimiki kuambiwa kwa nini anakata. Mwanafunzi wa ala tunamnyima ujuzi huo, kisha tunastaajabu kwamba shoka limemwanguka. Ipo methali nyingine ambayo ingefaa kukaa karibu na hiyo: Kidole kimoja hakivunji chawa. Wale watatu chini ya mwembe walikuwa wakiongozwa nayo bila kuitaja. Mmoja asipofika, wimbo haupo. Kwa hiyo kila mmoja alifika, si kwa kuogopa ratiba, bali kwa kuona haya kuwaangusha wenziwe na kwa uchu wa kuusikia tena ule wimbo wa tatu usiopigwa na mtu.

Mhakiki mwadilifu hana budi kuzisikiliza na hoja za upande wa pili, nazo si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba si kila ala hupigwa na watu watatu. Mpigaji wa inanga wa Rwanda au Burundi huketi na ala yake peke yake, na sauti yake huweza kuwa ya kunong'ona tu. Mpiga udi naye ana saa nyingi za upweke. Na ukitazama mbali zaidi, utamkuta Pablo Casals wa Hispania, mpigaji mkuu wa selo, aliyeziona kwa mara ya kwanza tungo za Bach za selo pekee katika duka moja la Barcelona akiwa na umri wa miaka 13, akazifanyia kazi kwa muda wa miaka 12 hivi kabla hajathubutu kuzipiga mbele ya watu. Je, huyo hakuishi kwa bandu bandu?

Aliishi hivyo, nami sikatai. Lakini tazama alichokuwa anakibandua. Tangu siku ya kwanza alikuwa na gogo zima mbele yake, tungo kamili alizozipenda kupita kiasi. Tena yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba kwa muda wa miaka 80 alianza kila siku yake kwa kukaa kwenye piano na kupiga tungo za Bach, si kwa wajibu, bali kama mtu anayeibariki nyumba yake. Basi hata huyu mpweke mkuu hakuifungua siku kwa vipande vya mazoezi. Aliifungua kwa muziki.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na ilinikuta mimi mwenyewe. Kundi huvunjika. Omwawuzi wangu chini ya mwembe alipofika kidato cha nne alizama katika masomo ya mtihani, na kundi lile likafa kwa wiki moja. Wale wawili waliobaki hawakugusa tena mbao, kwa kuwa hawakuwa wamejifunza kukaa na ala bila mwenzao. Historia ya nchi hii inao mfano mkubwa kuliko huo. Jeshi la serikali liliposhambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo tarehe 24 Mei 1966, na falme zilipofutwa mwaka 1967, wapigaji wa ikulu walitawanyika. Hawakunyang'anywa mikono yao wala kumbukumbu zao. Walinyang'anywa mahali pa kukutania, na ufalme uliporudishwa mwaka 1993 miaka 27 ilikuwa imekwisha kupita. Muziki unaotegemea wengi hubebwa na wengi, lakini pia huanguka na wengi.

Kutokana na hoja hizo mbili nimelazimika kuirekebisha hukumu yangu. Kundi humpa mwanafunzi sababu, na upweke humpa uwezo wa kudumu sababu hiyo inapotoweka kwa muda. Kimoja bila kingine hakitoshi. Kosa letu walimu ni la mpangilio: tunaanza na upweke, tunauita nidhamu, na kundi tunaliahirisha mpaka msimu wa mashindano ya shule. Hapo ndipo tunapoifungua stoo, tunawakesha watoto kwa wiki sita, tunashinda au tunashindwa, kisha tunaifunga stoo mpaka mwaka ujao. Mtoto anajifunza kwamba ala hupigwa kwa ajili ya waamuzi. Waamuzi wakiisha ondoka, naye hana sababu ya kubaki.

Mpangilio nionao kuwa bora ni wa kinyume. Mwanafunzi na aingizwe katika wimbo kamili tangu siku ya kwanza, hata kwa sehemu ya sauti mbili. Awe na mwenzake mmoja tu, si lazima watatu, na siku mbili za wiki zisizobadilika. Akisha kuizoea furaha hiyo, ndipo afundishwe kazi ya upweke, nayo iwe na shabaha inayoonekana: pale nilipojikwaa jana na mwenzangu akaningoja, hapo ndipo nitakapopafanyia kazi leo kwa dakika 10. Mwanafunzi wa amadinda aliye peke yake huweza kupiga sehemu yake huku akiimba kwa mdomo sehemu ya mwenzake. Huweza pia kuinasa sehemu ya mwenzake katika simu na kupiga juu yake. Upweke wa namna hii haumtengi na watu, maana umejaa sauti za wenzake.

Huenda msomaji akauliza: haya yanahusu nini jarida la walimu wa Kiswahili? Yanahusu sana. Hapa Uganda, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na tangu hapo tumekuwa tukiwahimiza vijana wajifunze kwa bidii. Lakini tunawapa nini? Tunawapa ngeli, viambishi na nyakati, miezi na miezi, kabla mwanafunzi hajapata hata mtu mmoja wa kusemezana naye. Tunampa mazoezi ya vidole vinne. Ilhali lugha, kama amadinda, ni kazi ya kuingiliana: mmoja husema, mwingine huingia kati, na maana huzaliwa baina yao. Anayeanza na salamu tano, akapata wa kumjibu, yumo tayari ndani ya Kiswahili, hata kama hajui bado kwa nini tunasema kiti hiki lakini meza hii. Swali hilo atalileta mwenyewe siku atakapolihitaji, na siku hiyo atalikumbuka jibu.

Sijamwona tena kijana yule. Kama ningempata leo nisingemwongezea ratiba, wala nisingempa methali. Ningechukua gitaa la pili, niketi karibu naye nyuma ya bweni, nipige wimbo mmoja wa kwao wenye sauti tatu, na nimwachie nafasi katikati aingie. Gogo angeliona jioni ile ile. Kubandua kungefuata.