Mtungaji na Wasomaji Wake: Uhakiki wa Riwaya ya The Martian

Msimuliaji wa ngano hakuwa peke yake. Aliposema "Paukwa" hakuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa", na alipopotoka hakukosekana msikilizaji wa kumrejesha njiani. Kitabu cha chapa kilibadili desturi hiyo: mtungaji huandika chumbani mwake, na msomaji humlaumu baada ya wino kukauka. Riwaya ya sayansi iitwayo The Martian, ya Mmarekani Andy Weir, ni mfano wa kazi iliyopata hadhira yake ingali ikitungwa. Yafaa kupima faida na hasara ya jambo hilo.

Weir alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Mwaka 2009 alianza kutoa hadithi yake katika tovuti yake mwenyewe, sura baada ya sura, bila malipo wala mchapishaji. Miongoni mwa wasomaji walikuwamo wanasayansi, nao walimwandikia kumwonyesha makosa. Walipoomba nakala nyepesi kusomeka katika chombo cha Kindle, aliitoa mwaka 2011 kwa senti 99 za Marekani, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa kuweka. Mwaka 2014 shirika la Crown lilitoa kitabu chenyewe, na mwaka 2015 ikatoka filamu ya Ridley Scott. Basi kabla ya kumfikia mhariri wa Crown, hadithi ilikwisha kupita katika macho ya wahariri wengi wasio na mshahara.

Mark Watney, mtaalamu wa mimea, ameachwa katika sayari ya Mirihi na wenzake waliodhani kuwa amekufa. Chakula alicho nacho hakimfikishi siku ya kuokolewa. Hana budi kulima viazi. Mbolea ni kinyesi cha binadamu. Maji huyapata kwa kuitenganisha haidrazini, fueli ya chombo cha kutulia, apate haidrojeni, kisha kuiunguza haidrojeni hiyo pamoja na oksijeni. Jambo dogo alilolisahau katika hesabu yake laleta mlipuko, naye anusurika. Wakemia walioisoma hadithi mapema walionyesha kasoro za kemia, na mtungaji akazisahihisha.

Mtu aweza kuyaita masahihisho hayo uchokozi wa wataalamu. Sivyo. Katika riwaya hii hesabu ndiye kadhi. Msomaji humwogopea Watney kwa kuwa amesadiki kuwa lita za maji na idadi ya viazi hazina huruma na mtu. Zikiwa za uongo, hofu nayo ni ya uongo. Hapa kosa la kemia ni kosa la sanaa, na aliyelisahihisha aliitumikia sanaa hata kama hakuikusudia.

Lakini liko kosa moja lililobaki, nalo ni msingi wa kisa chote. Watney anaachwa kwa sababu ya dhoruba yenye upepo wa kilomita 175 kwa saa. Hewa ya Mirihi ni hafifu mno. Kani yake haifiki hata sehemu moja katika mia ya kani ya hewa ya dunia. Upepo wa mwendo huo ungemgusa mtu kama upepo mwanana wa jioni. Weir amekiri kuwa aliyajua hayo. Aliwahi kufikiria ajali ya injini badala yake, ila alitaka sayari yenyewe itangulie kupiga.

Yaweza kunenwa kuwa aliyemfanya hesabu kuwa kadhi hana ruhusa ya kumpa rushwa katika ukurasa wa kwanza. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo dhoruba hii humtia shujaa taabuni, haimtoi. Msomaji husamehe tukio la bahati lifungalo mlango, wala hasamehi lile liufunguao. Msomaji ana haki ya kuuliza "Yawezekanaje?" Swali la "Kwa nini iwe hivi?" ni amana ya mtungaji, na katika dhoruba Weir aliishika amana yake.

Pengine hakuishika. Watney hukaa karibu mwaka mmoja na nusu katika sayari isiyo na mtu mwingine, na upweke wake haujulikani vizuri. Mizaha yake mwanzoni ni ngao. Halafu yawa mazoea, na anayetoka Mirihi ni yuleyule aliyeingia. Twajua amekula nini kila siku, hatujui ameota nini. Upungufu huu hauonekani kwa mizani ya kemia, maana upweke si hesabu iliyokosewa. Malenga wanaojibizana kwa mashairi hupimana vina na mizani, kisha hupimana na maana. Riwaya hii imepimwa sana katika kipimo cha kwanza na kidogo katika cha pili.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Wasomaji wa Weir walilinda neno lisiharibike, na kitabu kina deni kwao. Ila neno ambalo mtungaji hakulisema hawakuweza kumsemea. Mwanafunzi atakayewaonyesha wengine kazi yake kabla ya kuchapwa na aichukue faida hiyo kwa shukrani, akikumbuka kuwa ukimya wa wasahihishaji si ushahidi kwamba kazi imekamilika.