Mtumwa Ahesabiwa, Bwana Apiga Kura

Makala 85 za The Federalist, zilizoandikwa mwaka 1787 na 1788 ili watu wa New York waikubali Katiba mpya ya Marekani, husifiwa na wasomi wa kibepari kama kilele cha demokrasia. Ndugu wanafunzi wazisome, ila kwa mtazamo wa kitabaka. Makala ya 62 ni nyoofu: yakiri kwamba kila jimbo, kubwa au dogo, kupewa maseneta wawili ni matokeo ya mapatano, si ya nadharia.

Tatizo ni makala ya 54, inayotetea kuhesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Mwandishi (nadhani aliona haya) anamtwika hoja mtu wa Kusini, kisha anakubaliana naye. Mpinzani aliyejiita Brutus alikwisha kuuliza: wasioshiriki katika serikali waongeze wajumbe kwa nini? Makala yajibu kwamba kila jimbo lina wakazi wasio na kura wanaohesabiwa. Yaani, mkazi asiye na kura amelinganishwa na mtu anayeuzwa mnadani, na sauti ya mtu huyo amepewa mwenye kumuuza.

Julai 1788, New York iliidhinisha kwa kura 30 dhidi ya 27.