Malumbano ya Ushairi na Ulinzi wa Mada

Desturi ya kulumbana kwa mashairi ni ya kale katika pwani, na magazeti yaliipa uwanja mpana zaidi. Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watungaji wasioonana kwa macho waliweza kuulizana na kujibizana humo. Swali limpasalo mhakiki ni hili: ni kitu gani kilichoyazuia mazungumzo hayo yasipotee njia?

Jibu la kwanza limo katika umbo lenyewe. Ajibuye shairi kwa ada hufuata bahari ile ile, na mara nyingi vina vile vile. Hulitwaa neno la mwenziwe na kulipindua. Hawezi kulijibu asipolisoma vyema. Mshororo wa mizani 16 humlazimu kupima asemalo, na hasira hupoa katika kutafuta kina. Hivyo sanaa ikawa msimamizi wa kwanza, na mhariri, kwa kuchagua kipi kichapwe na lini mjadala ufungwe, akawa wa pili.

Lakini sifa hiyo isizidishwe. Vina hufunga maneno, havifungi fikira. Mtungaji hodari aweza kuitimiza mizani yote na huku akaliacha swali, akamshambulia muulizaji. Udhaifu huo ulidhihirika katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Amri Abedi alikuwa amezieleza sheria za kutunga katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofungwa na vina na mizani, sheria zile zenyewe zikatiwa mashakani. Msimamizi akageuka mshitakiwa, na mshitakiwa hawezi kuamua kesi yake. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliurudia mjadala kwa kuichunguza maana ya ushairi. Mayoka naye aliutetea upande wa mapokeo.

Kilichoudhuru mjadala ule si ukali wake, bali ni kubadilika kwa swali. “Shairi hili lina uzuri gani?” likawa “Hili ni letu au la wageni?” Swali la kwanza hutaka sikio, la pili hutaka nasaba. Aliyeshika la pili aliweza kutoa hukumu pasipo kusoma ubeti hata mmoja.

Katika jambo hili baraza la kahawa laweza kuwafunza wataalamu. Vingunguti, mtaa wa Dar es Salaam ujulikanao kwa machinjio yake, kama katika mitaa mingine ya mji huo, watu wa kazi mbalimbali hubishana kwa kahawa na kashata, pasipo vina wala mhariri. Neno likipotea, yatosha mmoja aulize, “Tulikuwa wapi?” Swali hilo halimnyamazishi mtu, humrejesha.

Basi urithi wa malumbano ulio bora si kina, ambacho kila mtungaji ana hiari nacho, bali ni ile ada ya kulitwaa kwanza neno la mwenzio kama alivyolisema, ndipo kulijibu. Mhakiki wa ushairi mpya au wa kale asiyeitimiza ada hiyo hajaingia bado katika mjadala, hata awe na elimu kiasi gani.