Ororo Bila Mvua: Mfululizo Bora ni Upi?

Katika kundi letu la waandishi chipukizi hapa Rwamishenye kuna ubishi mmoja usioisha. Si wa siasa wala si wa Simba na Yanga. Ni wa katuni. Swali lenyewe ni hili: ukiambiwa uchague matoleo yanayofuatana, bila kuruka hata moja, katika hadithi za picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu, utachagua yapi?

Toleo moja zuri kila mtu analo kichwani. Mfululizo ni kitu kingine. Mfululizo ni kama basi la kwenda Dar: usiniambie liliondoka stendi kwa mbwembwe, niambie limefikaje. Kuna waandishi wanaoanza kwa moto halafu katikati wanazimika. Kuna wengine wana toleo moja la dhahabu, na pembeni yake kuna kumi ya bati. Kwa hiyo anayechagua mfululizo anachagua pumzi ya mwandishi, na sisi tunaotaka kuandika riwaya tunahitaji sana kujua pumzi hiyo inatoka wapi.

Wenzangu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema Fantastic Four ya Stan Lee na Jack Kirby, matoleo 102 mfululizo, kuanzia mwaka 1961 mpaka 1970. Kwa wingi na uvumilivu hakuna wa kubisha. Hata Black Panther, ambaye watoto wa siku hizi wanamjua kwa sinema, alizaliwa humo, toleo la 52, mwaka 1966. Kundi la pili linasema X-Men ya Chris Claremont na mchoraji John Byrne, toleo la 108 mpaka la 143, mwaka 1977 hadi 1981. Humo ndimo Jean Grey anapozidiwa na nguvu zake mwenyewe na kufa, toleo la 137, mwaka 1980. Hawa nao wana hoja. Kitu kile kinaumiza mpaka leo.

Mimi nasema hapana. Nachukua Uncanny X-Men toleo la 185 mpaka la 201, kuanzia Septemba 1984 hadi Januari 1986. Matoleo 17 tu. Najua kuna watakaocheka. Wacheke, ila wanisikilize kwanza.

Stelingi wangu ni Ororo, anayeitwa Storm, yaani dhoruba. Aliingia katika hadithi hizi mwaka 1975, kwa mkono wa Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Profesa Xavier, mkuu wa shule ya watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu, anamkuta Kenya, watu wakimwabudu kama mungu kwa sababu anawaletea mvua. Baadaye Claremont alitupa asili yake: baba Mmarekani mpiga picha za habari, mama mtoto wa kifalme wa Kenya, wote wawili wakafa Cairo ndege ilipoiangukia nyumba yao. Binti akabaki yatima, akawa mwizi wa mitaani, kisha akatembea kwa miguu kurudi kusini, kwa watu wa mama yake.

Kwa hiyo huyu ni wa kwetu, Afrika Mashariki. Jina lake sijui walilitoa wapi hao Wamarekani, lakini sisi wenye Kiswahili linatugusa kwa namna ambayo nadhani wao hawakuikusudia. Sauti nyororo, ngozi nyororo, mchanga mwororo. Mwanamke anayeita radi, jina lake linasema ulaini! Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa toleo la 185. Serikali ya Marekani imepata bunduki ya ajabu inayonyang'anya vipawa. Inalengwa kwa Rogue, msichana aliyekuwa adui wa kundi hilo, ambaye Ororo mwenyewe hapo awali hakutaka apokewe. Ororo anamsukuma pembeni, mlio unampata yeye. Basi. Upepo haumsikii tena. Mvua haimjui. Mtu aliyekuwa anaruka juu ya mawingu sasa akitaka kupanda ghorofani lazima akanyage ngazi kama mimi na wewe.

Mwandishi mwingine angefanya nini? Angemrudishia nguvu baada ya matoleo mawili. Hiyo ndiyo tabia ya hadithi hizi: shujaa anaanguka ukurasa wa kumi, anainuka ukurasa wa ishirini, msomaji analala kwa amani. Claremont hakufanya hivyo. Ororo alikaa bila nguvu mpaka mwaka 1988. We fikiria, msomaji wa wakati ule alingoja miaka zaidi ya mitatu! Huo ndio ujasiri wa kalamu ninaousema.

Toleo la 186 linaitwa Lifedeath, yaani uzima na kifo vikiwa neno moja. Limechorwa na Barry Windsor-Smith, na karibu lote ni watu wawili ndani ya nyumba moja mjini Dallas. Ororo yuko kwa Forge, fundi mvumbuzi, aliyepoteza mguu vitani Vietnam. Fundi anamuuguza, anampikia, wanaanza kupendana. Halafu Ororo anasikia mazungumzo ya simu na kugundua kuwa bunduki ile ilibuniwa na huyo huyo Forge. Hakuna ngumi hapo wala jengo linaloporomoka. Kuna mwanamke anayesimama, anasema yaliyo moyoni, anaondoka kwa miguu yake. Nimesoma riwaya nene za mapenzi ambazo hazina ukurasa mmoja wenye uzito wa ile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye kosa naye aambiwe kosa lake. Mfululizo huu una mashimo. Matoleo ya 190 na 191 yanageuza jiji la New York kuwa mji wa kale wa wachawi na mapanga, na ukimaliza unajiuliza yamekuja kufanya nini. Katikati kuna matoleo kadhaa ambayo Ororo yupo kwa kurasa chache au hayupo kabisa. Wenzangu hunibana hapo: mfululizo gani bora ambao stelingi wake hayupo? Nawajibu kwamba kutokuwepo kwake kunasikika. Kundi linayumba, wanabishana, hakuna wa kusema neno la mwisho. Nyumba iliyoondokewa na mama haihitaji mtu aingie kutangaza kwamba mama hayupo. Utaona jikoni.

Tufike toleo la 198, la Oktoba 1985. Windsor-Smith anarudi kuchora. Ororo yuko Afrika, katika nchi kavu, amejeruhiwa, anatembea peke yake. Anakutana na msichana mjamzito aitwaye Shani, anamsindikiza mpaka kijijini kwao, kijiji kilichochomwa na ukame. Mwaka huo ndio njaa ya Ethiopia ilikuwa katika kila redio duniani. Sasa angalia mwandishi alivyomweka shujaa wake pabaya: watu wanakufa kwa kukosa mvua, na aliyekuwa mleta mvua amesimama mbele yao mikono mitupu. Mtoto anazaliwa hapumui. Ororo hana radi ya kumshtua wala upepo wa kumpulizia, ana pumzi ya kifua chake tu. Anampa hiyo. Mtoto analia.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kilele cha mfululizo wote. Upepo wa dunia nzima umekwisha, umebaki ule wa mapafu mawili, nao unatosha mtoto mmoja.

Lakini toleo hilo hilo lina kasoro ambayo ni lazima sisi tuiseme, maana Wamarekani hawataiona. Kijiji hakina jina, hakina lugha, hakina hata mto. Kuna mzee anayeitwa Mjnari. Hebu litamke kwa ulimi wa Kiswahili. Halitamkiki! Shani ni jina letu kweli, maana yake jambo la ajabu, lakini huyo mzee wameokota herufi wakazipanga. Halafu tunaambiwa eti ni desturi: mtoto akizaliwa, mzee mmoja hujiondoa duniani ili ardhi isizidiwe. Desturi ya nani? Huku kwetu mzee hasubiriwi afe ili mtoto ale. Huyo mzee ni wa kichwani mwa mtu aliyekaa mbali, akaiona Afrika kwa jumla kama mtu anavyoiona kutoka dirisha la ndege. Claremont anamjua Ororo ndani nje, lakini watu wa Ororo hawajui. Kazi hiyo imebaki yetu.

Na tungeweza kuifanya vizuri kuliko yeye, kwa sababu habari ya mvua sisi wa ukanda huu wa ziwa tunaijua kwa undani. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ukitoka kwenda Karagwe na Ngara inapungua sana. Wahaya wa zamani walimjua Mugasha, mwenye ziwa, upepo na mvua. Ng'ambo huko Ukerewe, watawala ndio waliobeba jukumu la mvua, na simulizi zinawataja walioondolewa kitini kwa sababu mvua iligoma. Unaona tofauti? Kwetu mleta mvua hakuwa wa kuabudiwa tu. Alikuwa anadaiwa. Siku mvua inaposhindikana ndiyo siku watu wanamtazama usoni na kuuliza: wewe ni nani sasa?

Swali hilo hilo ndilo linalobeba matoleo yote 17, na jibu lake linakuja katika la mwisho. Toleo la 201, mchoraji Rick Leonardi. Cyclops, kiongozi wa zamani, anataka kiti chake tena. Ana macho yanayotoa miali ya kubomoa ukuta. Ororo hana kitu. Wanaingia chumba cha mazoezi, wawili tu, na atakayeshinda ndiye kiongozi. Ororo anashinda! Anashinda kwa akili, kwa kujificha, kwa kusubiri, kwa zile mbinu za mtoto mwizi wa Cairo, mpaka anamvua kile kioo cha macho. Hapo nikalikumbuka jina lake. Ulaini si udhaifu. Maji ni laini, na daraja linasombwa nayo.

Kuna anayeuliza, yote haya yanatuhusu nini? Nitamjibu kwa jambo la nyumbani. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa hapa Kagera mwaka 2006, huko Muleba. Anayejua kibanja ni nini kwetu anaelewa maana yake. Kibanja ni chakula, ni heshima, ni kaburi la babu, ni jina lako mbele za watu. Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa mtu wa kuombwa miche na nusu ya kijiji. Mnyauko ukamfikia. Aling'oa mashina kwa mikono yake, akayafukia, akapanda mihogo na maharage. Ndizi hana. Lakini jirani wakigombania mpaka, bado wanaitana: twende kwa bibi. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua kwamba naangalia toleo la 201.

Sasa tuseme ukweli, vijana wenzangu. Hadithi nyingi tunazosomeana hapa kundini zina shujaa asiyepungukiwa. Tumelelewa hivyo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, tulimpenda kwa sababu hashindwi. Na mimi nampenda bado. Katika jarida la Sani, ambalo Philip Ndunguru alilichorea hadi alipofariki mwaka 1986, akina Ndumilakuwili walikuwa wajanja wa mjini wasio na nguvu yoyote isipokuwa mdomo. Tuna mashujaa wa kushinda tu na tuna wajanja wa kuchekesha. Katikati pako wazi. Hatujamwandika bado mtu mkubwa aliyenyang'anywa ukubwa wake, akabaki na kazi ile ile ya kufanya.

Ndiyo maana sichagui matoleo 102 ya akina Lee na Kirby, wala yale 36 ya Byrne. Hayo yanafundisha jinsi ya kumpa shujaa nguvu. Haya 17, pamoja na mashimo yake na kijiji chake kisicho na jina, yananifundisha jambo gumu zaidi, jinsi ya kuziondoa na kuendelea kuandika kesho yake.

Anayebisha aje na matoleo yake, namba kwa namba, asiruke hata moja. Tupo.